Kikao cha Kisambioni

Kisambioni ni mahali pa kupumzikia ndani ya msitu wa Kilimanjaro, karibu nusu ya njia kati ya Lango la Marangu na vibanda vya Mandara. Ni mwezi wa Februari. Kule Moshi mjini jua linawaka mpaka mbwa wanagombania kivuli cha bajaji. Huku juu kila mtu amevaa sweta. Wafanyakazi wa ofisi moja ya Dar es Salaam wamekuja kutembea siku moja: wapande mpaka Mandara, wapige picha, washuke kabla ya giza. Ni saa tano na nusu asubuhi, na chakula cha mchana kimeshaliwa. Wengine wamelala kwenye mabenchi, viatu wamevua. Mwongozaji anatazama saa yake na hasemi kitu, maana ameshasema sana.

Chini ya benchi, kikao kimeanza.

KUNGURU (wa mlimani, mweusi, doa jeupe kisogoni): Wajumbe, kimya tafadhali. Ajenda ni moja: taarifa ya hali ya njia, kutoka langoni mpaka Mandara. Kila siku wanadamu wanaulizana "njia ikoje?" na kila siku wanadanganyana. Leo tutaiandika sisi. Katibu ni mimi. Posho ya katibu ni yai moja la kuchemsha, na imeshalipwa.

BUTI (mpya, bado ananukia duka): Lile yai lilikuwa la bosi wangu!

KUNGURU: Ndiyo maana nikasema imeshalipwa. Mwenyekiti ni Bibi Mzizi.

BIBI MZIZI (mzizi wa mkulo, amekatiza njia, mgongo umesuguliwa hadi unang'aa): Kwa nini mimi?

KUNGURU: Kwa sababu huwezi kutoka nje kupokea simu katikati ya kikao.

BIBI MZIZI: Hapo umenena. Haya, itifaki izingatiwe. Mheshimiwa Mbega atoe neno la ufunguzi.

MBEGA (juu kabisa ya mti, joho jeusi, mashada meupe mabegani na mkiani): Ndugu wajumbe, kwanza niwapongeze. Pili, napenda kuwahakikishia kwamba njia iko katika hali ya kuridhisha. Changamoto zipo, kama zilivyo kwingineko, na zinafanyiwa kazi. Asanteni sana.

MZEE MTUMBA (kiatu cha msaidizi wa mwongozaji, kidole gumba kinachungulia): Mheshimiwa, samahani. Njia umeipita lini?

MBEGA: Naiona kila siku, Mzee wangu.

MZEE MTUMBA: Kuiona sijauliza. Nimeuliza kuipita.

MBEGA: Unajua kwa nafasi yangu kushuka chini ovyo si busara. Chini kuna chui. Lakini kwa ujumla wake, ukiangalia kwa mapana yake, njia ni nzuri.

KUNGURU (anaandika): "Nzuri, kwa mapana yake." Mwingine?

BUTI: Mimi nina takwimu. Bosi wangu alisoma kwenye mtandao kwamba njia hii ni rahisi, hata kwa familia inafaa. Ni kilometa 8. Langoni ni mita 1,879 juu ya usawa wa bahari, Mandara ni mita 2,720. Nimetoa: mita 841 tu.

MZEE MTUMBA: Mwanangu, hiyo "tu" umeiokota wapi? Mita 841 ni kama kupanda ngazi za jengo la ghorofa 280. Huyo bosi wako ofisini kwake yuko ghorofa ya tatu, na lifti ikiharibika anatuma barua pepe ya malalamiko.

RABA NYEUPE (chapa kubwa ubavuni, kamba nyeupe, soli nyeupe, kila kitu cheupe): Kwani na wewe Mzee ni nani hasa? Mbona hata chapa huna?

MZEE MTUMBA: Chapa yangu ilibanduka kwenye vibanda vya Horombo, juu ya Mandara. Nilishonwa Ulaya, mjukuu wangu. Aliyeninunua alinipeleka mlimani siku mbili tatu, akasema magoti, akaniweka stoo. Kutoka stoo nikaingia kwenye belo, kutoka kwenye belo nikaanikwa soko la Memorial pale Moshi, kulia kwangu suruali ya kuteleza kwenye theluji, kushoto gauni la harusi. Akaja mpagazi mmoja. Wenyewe hujiita wagumu, na ukimwona mtu amebeba kilo 20 za mizigo ya wageni kichwani anakupita huku anasalimia, hilo jina hutalipinga. Tulipatana bei nusu siku. Tangu hapo sijakaa stoo. Sasa amepanda cheo, ni msaidizi wa mwongozaji. Mimi sijapandishwa.

BIBI MZIZI: Pole, Mzee. Endelea na hoja.

MZEE MTUMBA: Hoja yangu ni kwamba taarifa ya njia lazima kwanza uulize imetoka kwa nani. Anayeuza safari, kwake njia ni rahisi mpaka ulipe. Aliyeshuka jana, kwake njia ni balaa tupu, kwa sababu akisema ni rahisi, nani atamnunulia kinywaji hotelini? Na wa tatu ni dereva aliyebaki langoni. Huyo ndiye mwenye maelezo marefu kuliko wote.

(Mbega anakohoa. Majani mawili yanaanguka.)

BUTI: Basi tuutumie mtandao. Mtandao hauna upande.

KUNGURU: Mtandao wa kasi ulifika Horombo mwaka 2022, mita 3,720 juu, kwa mbwembwe zote. Ulipita hapa Kisambioni ukienda. Lakini haukukanyaga tope.

RABA NYEUPE: Afadhali umelitaja tope. Mwenyekiti, naomba nieleze masikitiko yangu. Nimetoka Dar es Salaam nikiwa mweupe. Tajiri wangu amenitunza kwa mswaki na unga wa kufulia. Hapa nyuma kidogo, baada ya lile daraja, nimekutana na huyu (anamnyooshea kidole Dimbwi), na sasa tazameni ubavu wangu! Nimeoshwa kwa maji ya kunywa, nusu chupa, na bado. Nashauri Dimbwi ashitakiwe kwa kuharibu njia ya umma.

BUTI: Naunga mkono. Anachukua upana wote. Watu wanapita kwa kushikana mikono.

MBEGA: Nami huku juu nimekuwa nikimtazama kwa wasiwasi mkubwa. Anakua mwaka hadi mwaka. Huyu ni adui wa maendeleo.

BIBI MZIZI: Dimbwi, umesikia. Una la kusema?

DIMBWI (sauti nzito, ya kububujika): Ninalo, Bibi. Tena nimelikalia muda mrefu, maana sina pengine pa kukaa.

KUNGURU: Sema pole pole, naandika kwa ukucha.

DIMBWI: Nilizaliwa masika moja, maji ya kujaza kikombe. Nilikaa katikati ya njia, sikumkera mtu, mtoto angeniruka. Siku moja kikaja kiatu kisafi. Kikanitazama, kikaona haya kuchafuka mbele ya wenzake, kikanizunguka kushoto. Huko kushoto kulikuwa na mimea, kile kiua chekundu na manjano ambacho hakioti popote duniani isipokuwa kwenye mlima huu. Kikakikanyaga. Waliokuja nyuma wakafuata unyayo wake, wote, kama kawaida ya wanaotoka ofisi moja. Mimea ikafa. Udongo ukabaki uchi, ukashindiliwa, ukabonyea, na maji yangu yakahamia kwenye bonde jipya. Ndivyo nilivyopata bawa la kushoto.

RABA NYEUPE: Lakini...

DIMBWI: Sijamaliza. Wa kesho yake wakaona kushoto kumechafuka. Wakazunguka kulia. Nikaota bawa la kulia. Wa keshokutwa wakazunguka mabawa yenyewe, wakaenda mpaka kule kwenye mizizi ya yule mti mdogo, mnaona anavyoegemea? Sasa mnanipiga picha, mnaniandika "njia imeharibika." Tangu kuzaliwa kwangu sijasogea hata hatua moja, waheshimiwa. Miguu ninyi ndio mnayo.

(Kimya. Hata wadudu wananyamaza.)

RABA NYEUPE: Sasa ulitaka watu wapite wapi?

DIMBWI: Katikati! Chini yangu kuna mawe. Vibarua waliyapanga kwa mikono, wakashindilia, wakaondoka wakijua wametengeneza njia. Anayenikanyaga katikati anazama mpaka kwenye kifundo cha mguu, anakutana na jiwe, anapita. Anayenikwepa pembeni hakuna jiwe huko. Anateleza, anakaa kitako, halafu ananitukana mimi.

BUTI: Kifundo cha mguu si kitu. Mimi nimetengenezwa kwa kitambaa kisichopitisha maji. Kadi ya dhamana ninayo ndani, pamoja na ile karatasi ya kuzuia ukungu.

MZEE MTUMBA: Hongera. Na leo asubuhi, hapo kwa Dimbwi, ulipita wapi?

BUTI: ...Kulia.

MZEE MTUMBA: Rudia, katibu hajasikia.

BUTI: Kulia, Mzee! Bosi ana mpango wa kunirudisha dukani Jumatatu. Dukani hawapokei kilichochafuka.

MZEE MTUMBA: Mmesikia wenyewe. Kiatu kisichopitisha maji kinakimbia maji, na mimi niliyetoboka kidole gumba napita katikati. Halafu jioni langoni utasikia wanasema wagumu na mizigo yao ndio wanaobomoa njia.

BIBI MZIZI: Kweli tupu? Wagumu hawana lawama kabisa?

MZEE MTUMBA (anasita): Wanakata kona, Bibi. Sikatai. Njia ikipinda kufuata mteremko, mtu mwenye kilo 20 kichwani akiona njia ya mkato inashuka moja kwa moja, anaishika. Mvua inayofuata nayo inaishika hiyo hiyo, inaigeuza korongo. Nimo humo. Andika, Katibu.

KUNGURU: Nimeandika. Wewe ndiye mjumbe wa kwanza kujitaja. Sijui niweke safu gani.

(Mstari wa siafu unatokea majanini, unakata njia. Raba Nyeupe anajikunja.)

RABA NYEUPE: Hawa nao! Waambieni wazunguke!

SIAFU (wote kwa pamoja, bila kusimama): Hatuzunguki. Mstari mmoja. Pisheni.

BIBI MZIZI: Ndugu Siafu, hamna mchango kuhusu hali ya njia?

SIAFU: Hatuna muda. Mstari mmoja. (Wanapita.)

KUNGURU: Mchango mfupi kuliko yote na ndio pekee uliotekelezwa papo hapo. Bibi, na wewe? Mwenyekiti naye ni mkazi.

BIBI MZIZI: Mimi nilikuwa chini ya ardhi, mjukuu wangu. Mzizi mahali pake ni chini ya ardhi. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, walianzia huku huku Marangu, na sijasikia kwamba walilalamikia upana wa njia. Hifadhi ilipoanzishwa mwaka 1973 wageni walikuwa wa kuhesabika. Kisha wakaongezeka, na sina kinyongo, wageni ni riziki ya watu wa hapa. Lakini mguu ukishindilia udongo, zile tundu ndogo ndogo za kunywa maji zinaziba. Mvua ikinyesha maji hayaingii chini, yanakimbia juu, na kila yanapokimbia yanachukua udongo kidogo. Kidogo leo, kidogo kesho. Siku moja niliamka nikajikuta niko nje, mwili wazi, na mtu amenikanyaga akisema "asante Mungu, kumbe kuna ngazi."

MBEGA: Huo ni ubunifu. Mazingira yanatoa ngazi bila gharama kwa serikali.

BIBI MZIZI: Wewe ndiwe unayelala kwenye matawi ya mti ninaoushikilia. Nikikatika utaona gharama.

(Mbega anatazama tawi lake upya.)

BIBI MZIZI: Na dawa yake si ya ajabu. Njia iliyochimbika ndiyo mfereji wa mvua. Kinachotakiwa ni gogo, linalazwa mshazari kukata njia, maji yanagonga gogo yanatoka pembeni yaende porini. Magogo yapo, yalishawekwa. Lakini majani yakijaa nyuma ya gogo, maji yanaliruka yanaendelea kushuka na njia. Kuzibua ni kazi ya mtu mmoja na jembe moja.

MZEE MTUMBA: Tena wakati wake ndio huu. Masika inaingia Machi. Hili vumbi mnalolisifu, mnasema "njia kavu, safi kabisa," ni udongo uliosagwa na viatu unaosubiri maji. Vumbi la Februari ndilo tope la Aprili. Anayetaka kujua hali ya njia wakati wa mvua aitazame wakati wa jua.

MBEGA: Hoja nzito sana hii. Napendekeza tuunde kamati. Kamati ifanye ziara ya mafunzo kwenye milima rafiki, ikirudi iandae warsha ya siku tatu hotelini, pale mjini, kuhusu majani nyuma ya gogo.

KUNGURU: Na jembe?

MBEGA: Jembe liingizwe kwenye bajeti ijayo. Au tuachane na njia kabisa! Mwaka 2019 ilizungumzwa habari ya gari la kamba kupandisha watalii. Watu wapite hewani. Mimi maisha yangu yote nasafiri hewani na sijawahi kupata lengelenge.

MZEE MTUMBA: Na wagumu wapite wapi, Mheshimiwa? Kwenye hiyo kamba watabeba nini?

MBEGA: Hilo nalo ni la kamati.

(Fimbo mbili za kutembelea, zimeegemezwa kwenye benchi, zinaomba nafasi.)

FIMBO WA KULIA: Na sisi jamani tusisahauliwe. Tunasaidia magoti.

FIMBO WA KUSHOTO: Hasa wakati wa kushuka.

DIMBWI: Na ncha zenu za chuma mnachoma kingo zangu kila hatua, mashimo mawili mawili.

FIMBO WA KULIA: Tulinunuliwa na kofia za mpira.

FIMBO WA KUSHOTO: Ziko Dar es Salaam. Kwenye droo.

KUNGURU: Imeeleweka. Suala la kushuka limeguswa. Nani ana la zaidi? Maana wanadamu wote wanauliza kupanda kukoje.

MZEE MTUMBA: Mimi ninalo, na huyu kijana Buti anisikilize, hata kama Jumatatu anarudi dukani. Kupanda ni mapafu, kushuka ni vidole. Bosi wako alikununua saizi ile ile ya viatu vyake vya ofisini, si ndiyo? Akajaribu akiwa ameketi, na soksi nyembamba.

BUTI: Na kiyoyozi kilikuwa kimewashwa.

MZEE MTUMBA: Basi. Tayari umemtoa lengelenge kisigino, kwa sababu hamjazoeana. Mtu hakutani na kiatu kipya siku ya mlima. Huanza kwa kukivaa sokoni, kanisani, kwenye foleni ya daladala. Na jioni wakati wa kushuka mguu wake utasukumwa mbele, kucha zitagonga ukuta wako kilometa nane. Mwambie akaze kamba juu ya kifundo kabla ya kugeuka, mguu ukae nyuma. Mara ijayo achukue kiatu chenye nafasi ya kidole mbele. Na wengi hawaanguki wakipanda. Wanaanguka wakishuka, wamechoka, wanapiga stori, mawazo yako kwenye basi.

RABA NYEUPE: Na mimi? Unanishauri nini?

MZEE MTUMBA: Wewe soli yako ni laini, mjukuu wangu. Kwenye lami hakuna mashaka. Kwenye mzizi wenye unyevu...

BIBI MZIZI: Mtakutana na mimi.

RABA NYEUPE: Tajiri wangu alisema ni picha tu. Kibao cha Mandara, ngumi juu, basi.

KUNGURU: Hiyo Mandara yenyewe anajua ni nani?

RABA NYEUPE: Si ni jina la kibanda?

KUNGURU: Ni jina la mangi, yaani chifu, wa Moshi. Kibanda hapo zamani kiliitwa Bismarck, jina la Mjerumani ambaye hakuwahi kutia mguu hapa. Kwa hiyo desturi ya kusimamia njia bila kuipita ina historia ndefu, Mheshimiwa Mbega usijione mpweke.

MBEGA: Mwenyekiti, naomba hiyo ifutwe kwenye kumbukumbu.

BIBI MZIZI: Ibaki. Kunguru, huko juu kukoje? Wewe ndiwe uliyetoka huko.

KUNGURU: Saa mbili asubuhi nilikuwa Maundi, lile shimo la volkano lenye nyasi, robo saa hivi kutoka Mandara. Kilele cha Kibo wazi, cha Mawenzi wazi, na upande wa mashariki unaiona Taveta ya Kenya yote. Nilikuwa peke yangu. Nilipoondoka wingu lilikuwa limeshaanza kutambaa kutoka chini. Ndivyo lilivyo siku nyingi: jua linapasha mteremko, hewa yenye unyevu inapanda, inakutana na baridi, inageuka wingu, na alasiri huenda likadondosha rasharasha hata mwezi kama huu. Hawa waliolala hapa, wakifika Maundi saa nane, watapiga picha za ukungu.

BUTI: Kwa hiyo mlima hautaonekana?

KUNGURU: Mlima ulionekana. Wao walikuwa hata langoni hawajafika.

MZEE MTUMBA: Mtu wangu aliwaambia jana usiku: tuwe langoni saa moja na nusu. Wakasema sawa kiongozi. Saa tatu na robo ndipo basi lilipofika, kwa sababu mmoja alikuwa anatafuta chaja.

BIBI MZIZI: Muda unakwenda na wanajigeuza usingizini. Katibu, soma taarifa tuipitishe.

MBEGA: Kabla hajasoma, nashauri ianze na maneno "kwa ujumla hali ni ya kuridhisha." Ni utaratibu.

KUNGURU: Ukitaka ianze hivyo, shuka uweke sahihi hapa chini.

MBEGA: Siwezi kuandika.

KUNGURU: Basi weka dole gumba.

(Mbega anautazama mkono wake kwa muda mrefu. Ana vidole vinne. Mbega wote, tangu enzi, wameumbwa bila kidole gumba cha maana.)

MBEGA: Nitatuma mwakilishi.

BIBI MZIZI: Soma, Katibu.

KUNGURU (anajisafisha koo, kipande cha kiini cha yai kinaruka): "Taarifa ya hali ya njia, Lango la Marangu hadi Mandara, Februari, saa sita kasoro robo. Njia ni kavu na yenye vumbi mpaka kwenye daraja. Baada ya daraja kuna tope hatua kama ishirini, mvua ya jana. Chini yake kuna mawe. Kuanzia hapo mizizi iko wazi na inateleza kwenye kivuli. Magogo matatu ya kutolea maji yameziba majani. Anayepita na fimbo na ana dakika mbili aondoe majani, hahitaji kamati. Siafu wanavuka, waachieni nafasi. Wingu linapanda, kileleni hakutaonekana tena leo. Kutoka hapa hadi Mandara ni mwendo wa saa mbili kwa wanaoongea na saa moja na nusu kwa wanaonyamaza. Atakayekuwa bado hajafika saa nane ageuze, maana gizani msituni mizizi haina adabu. Mayai yamekwisha."

BIBI MZIZI: Wanaokubali?

WOTE: Ndiyo!

MBEGA: Mimi sina upande.

RABA NYEUPE: Umesahau kusema watu wapite wapi pale topeni.

KUNGURU: Unataka niandikeje?

(Raba Nyeupe anautazama ubavu wake, kisha anamtazama Dimbwi, mabawa yake mawili, na yule mti mdogo aliyeegemea.)

RABA NYEUPE: Andika "katikati." Lakini uandike kwamba nimesema kwa shingo upande.

KUNGURU: "Katikati, mstari mmoja, kwa shingo upande. Asiyetaka kulowa miguu akae Marangu Mtoni anywe mbege."